Habari za Kijiji Zifike Mpaka Shamba la Mwisho

Katika skimu za makazi twasema sana juu ya mbegu, mbolea, maji na bei. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini liko jambo jingine lisilopimwa kwa gunia wala kwa debe, nalo kila mwaka huongeza mavuno ya mmoja na kupunguza ya mwingine. Jambo hilo ni habari za kijiji: nani amezipata, amezipata lini, na nani hakuzipata kabisa.

Pengine utasema, "Habari ni maneno ya dukani tu." Sivyo. Mkulima aliyeambiwa Jumatatu kwamba maji yatafungwa Jumatano huyaingiza shambani mwake Jumanne. Jirani yake asiyeambiwa hungoja mpaka Alhamisi, akaukuta mfereji mkavu. Wote wawili wana udongo mmoja, mbegu moja na jua moja. Kilichowatenganisha ni neno moja lililofika kwa huyu na lisifike kwa yule.

Basi tuangalie habari za kijiji ni za namna gani, kwa nini huwapotea watu njiani, na jinsi kijiji kinavyoweza kuzipeleka mpaka kwa mtu wa mwisho bila gharama kubwa.

KIJIJI CHA MAKAZI

Kijiji cha zamani kilikuwa cha ukoo mmoja au koo chache zilizojuana. Habari zilipita kwa njia ya udugu. Mtu akiugua, shangazi yake alijua kabla ya jua kutua. Mpaka wa shamba ukibishaniwa, alikuwapo mzee aliyeona mti wa mpaka ukipandwa.

Kijiji cha makazi hakikuanza hivyo. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, familia nyingi zilihamia mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Zilitoka sehemu mbalimbali, na mtu aliweza kuijua namba ya shamba lake kabla ya kulijua jina la jirani yake. Katika skimu za unyunyizaji maji ilikuwa vivyo hivyo.

Leo wajukuu wa wale wa kwanza wana watoto. Watu wameoana, wamezikana, wamejenga shule na makanisa pamoja. Hata hivyo, mahali pengi njia ya habari bado ni ile ya udugu na urafiki. Mwenye ndugu katika kamati hujua mapema. Asiye na ndugu husikia mambo yamekwisha. Hiyo si haki, na tena ni hasara kwa skimu nzima, kwa kuwa mfereji, barabara na josho ni vya wote.

MFANO WA MWEA

Tuitazame skimu moja ijulikanayo sana, yaani Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga, kiasi cha kilomita 100 kaskazini-mashariki mwa Nairobi. Mifereji ya Mwea ilianza kuchimbwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na waliochimba walikuwa watu waliowekwa kizuizini. Maji hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi. Wakulima walipowekwa huko, kila mmoja alipewa ekari 4 za mpunga.

Nyumba hazikujengwa mashambani. Zilikusanywa pamoja vijijini, mahali pakavu, na watu huenda mashambani asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo mkulima wa Mwea ana ujirani wa aina mbili. Wako jirani wa nyumba, ambao huazimana chumvi na kusikia mtoto wa mwenzao akilia usiku. Na wako jirani wa mfereji, ambao hunywesha mashamba yao kwa maji yale yale. Pengine jirani wa mfereji analala kijiji kingine kabisa. Neno lililotangazwa vizuri kijijini mwako laweza lisimfikie mtu ambaye shamba lake limepakana na lako.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuonekana kuwa shida, kwa sababu amri zilitoka juu. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji Maji, iliyoundwa mwaka 1966, ndiyo iliyopanga siku ya kufungua maji, ya kulima na ya kupanda. Mpunga wote ulipelekwa kwake, gharama zikakatwa, na mkulima akalipwa kilichobaki. Mkulima alitakiwa kutii tu.

Mwaka 1998 wakulima walikataa mpango huo, wakaanza kupeleka mpunga wao katika chama chao cha ushirika. Hapo wengi walidhani wametwaa mpunga na fedha tu. Kumbe walikuwa wametwaa na kazi nyingine ambayo haikutajwa sana: kazi ya kuambiana. Zamani kalenda ya maji ilikuwa ya ofisi. Sasa ilikuwa ya watu wote. Katika miaka iliyofuata utunzaji wa mifereji ulilegea na ugomvi wa maji ukazidi, mpaka mwaka 2003 yakafanywa mapatano. Bodi ikashika mifereji mikubwa na malango yake, na wakulima wakashika mifereji midogo kwa njia ya chama cha watumiaji maji. Sheria ya mwaka 2019 ikaiweka Mamlaka ya Taifa ya Unyunyizaji Maji mahali pa Bodi. Mwaka 2022 bwawa la Thiba likakamilika, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 15.6.

Bwawa hilo ni msaada mkubwa. Lakini bwawa haliwezi kumwambia mkulima wa mfereji mdogo kwamba zamu yake ni Jumanne saa 12 asubuhi. Hilo ni lazima liambiwe na mtu kwa mtu. Somo tunalopata Mwea ni hili: wakulima wanapotwaa mamlaka, wanatwaa pia wajibu wa kupeleka habari. Wakiuacha wajibu huo, wenye nguvu na wenye jamaa watafaidi, na walio mwisho wa mfereji watakosa.

HABARI ZA KAZI

Habari za kwanza ni zile za shamba. Mpunga wa pishori wa msimu mkubwa huoteshwa kitaluni Julai, hupandikizwa Agosti, na huvunwa kuanzia Desemba. Ni kazi ya kiasi cha miezi 4 au zaidi kidogo. Katika muda huo kuna siku ambazo kukosa maji kwaweza kuvumiliwa, na kuna siku ambazo hakuvumiliki. Mpunga unapotoa maua, ukikauka, punje nyingi hubaki tupu. Zamu iliyokosekana wakati huo hailipwi na zamu ya wiki ijayo. Ndiyo sababu badiliko dogo la zamu ni habari kubwa.

Habari za wadudu na magonjwa ni za namna hiyo hiyo. Mwaka 2020 konokono mgeni alionekana katika mashamba ya Mwea. Konokono huyu hula miche michanga, na mayai yake ni ya rangi ya waridi, yamekusanyika kama kishada juu ya maji, katika mashina ya mpunga au kingo za mfereji. Husafiri kwa maji, na kwa matope yaliyoshika katika magurudumu ya trekta.

Tuseme mkulima mmoja aona kishada cha mayai hayo shambani mwake. Aona haya, au aogopa kwamba watu hawatanunua miche yake, basi anyamaza. Maji yanayotoka kwake yaingia kwa jirani wa chini, na ya jirani kwa mwingine. Wenyeji husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa huumbuliwa mfereji mzima.

Kama angalisema siku ile ile, watu wa mfereji wangalitoka pamoja, wakaokota konokono na kuponda mayai kabla hayajaanguliwa. Wangaliweka wavu mahali maji yanapoingilia shambani, wakapunguza maji katika mashamba yenye miche michanga, na kumtaka mwenye trekta aoshe magurudumu kabla ya kuingia shamba jingine. Hizo zote ni kazi za mikono, zisizohitaji fedha nyingi. Zahitaji mtu mmoja aseme mapema.

HABARI ZA HAKI

Habari za pili ni za haki, nazo ndizo zinazofichwa zaidi. Chukua mambo ya urithi wa ardhi. Mwenye shamba la hati anapofariki, jamaa huenda kwa chifu kupata barua inayotaja watu wote aliowaacha: mke au wake, na watoto. Barua hiyo hupelekwa mahakamani pamoja na maombi. Kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30.

Sasa jiulize, katika kijiji chako ni nani asomaye Gazeti la Serikali? Mjane aliyerudi kwao kuuguza mama yake, au binti aliyeolewa mbali, atajuaje kwamba siku zake 30 zimeanza kuhesabiwa? Siku zikiisha bado anaweza kwenda mahakamani kuomba hati ya usimamizi ifutwe, lakini kesi ya namna hiyo huwa ndefu na yenye gharama zaidi. Neno moja la jirani lingaliepusha yote hayo. Tena ijulikane kwamba chini ya Sheria ya Urithi mtoto ni mtoto, awe wa kiume au wa kike. Kijiji kinachojua jambo hilo hakiwezi kukubali kwa urahisi barua iliyoacha jina la binti.

Katika mashamba ya skimu yasiyo na hati, kanuni za urithi si zile zile. Inafaa kila mwenye shamba aende ofisini akiwa hai na mzima, aulize ni jina la nani limeandikwa kuwa mrithi wake, kisha awaambie watu wa nyumbani kwake. Kunyamaza juu ya jambo hili si hekima. Ni kuwaachia watoto ugomvi.

Mbolea nayo ni habari ya haki. Mwezi wa Septemba 2022 Serikali ilipunguza bei ya gunia la kilo 50 la mbolea kutoka shilingi 6,500 mpaka 3,500, na baadaye, mwaka 2023, ikapunguzwa tena mpaka 2,500. Ili kuipata, mkulima alitakiwa kuandikishwa, na uandikishaji ulifanywa vijijini kwa msaada wa machifu. Asiyepata habari ya uandikishaji hakuwamo katika orodha. Kisha mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba kulikuwa na mbolea isiyofikia kiwango iliyouzwa kwa wakulima. Hapo tena aliyesikia mapema aliyakagua magunia yake, na asiyesikia aliimwaga shambani akitumaini mavuno.

HABARI ZA MAISHA

Habari za tatu ni za maisha ya kila siku: ugonjwa, shule, mazishi na michango. Zaonekana ndogo, lakini ndizo zinazofanya watu wawe kijiji badala ya kuwa orodha ya namba za mashamba.

Tuchukue kichocho. Ugonjwa huu umejulikana Mwea kwa miaka mingi. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa majini na kuingia mwilini kwa ngozi, mtu anapokuwa ndani ya maji. Watoto waogao mfereji huupata upesi. Katika sehemu zenye ugonjwa huu, dawa hutolewa kwa watoto shuleni kwa siku maalumu. Mtoto aliyebakizwa shambani kufukuza ndege siku hiyo huikosa. Mzazi wake si mbaya, hakuambiwa tu. Na kwa kuwa ugonjwa huenezwa na mavi na mikojo inayoingia majini, choo kimoja kisichotumiwa ni habari ya kijiji kizima, si siri ya nyumba moja.

Hali kadhalika michango. Kwa mazishi, kwa karo au kwa kujenga darasa, wakulima wetu ni wepesi kutoa. Wanachochoka nacho ni kutoa bila kuambiwa fedha zilikwenda wapi. Kamati ikisoma hesabu mbele ya watu, hata ikiwa ni shilingi chache, mchango wa pili huja kwa urahisi. Hesabu isiposomwa, uvumi ndio utakaoisoma.

NANI HAPATI HABARI?

Angalia kijijini kwako, utawaona watu wa aina nne wanaosahauliwa mara kwa mara.

Wa kwanza ni wanawake. Mwaka 1973 kilichapishwa kitabu juu ya Mwea kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris. Sura moja yake ilieleza maisha ya wake wa wakulima. Walifanya kazi kubwa katika mpunga, lakini fedha zililipwa kwa mwenye leseni, naye mara nyingi alikuwa mume. Ardhi ya kupanda chakula karibu na nyumba ilikuwa haba, na kuni zilikuwa shida. Mambo mengi yamebadilika tangu siku hizo, lakini swali lingali lipo: mkutano wa maji ukiitwa saa za asubuhi wakati wanawake wamo matopeni wakipandikiza, nani atawaambia yaliyoamuliwa? Anayefungua na kufunga maji shambani pengine ni mama. Basi asiambiwe na uvumi.

Wa pili ni wakulima walio mwisho wa mfereji. Maji huwafikia mwisho, na habari pia. Ingefaa iwe kinyume: watu wa mwisho waambiwe kwanza, maana wao ndio hupata hasara kwanza.

Wa tatu ni wapangaji. Mashamba mengi hukodishwa kwa msimu. Jina lililo katika orodha ni la mwenye shamba, naye pengine yuko mjini. Anayelima hana jina, kwa hiyo hapigiwi simu. Lakini akiharibu lango la maji kwa kutojua, hasara ni ya wote.

Wa nne ni vijana. Hupewa jembe lakini hawapewi nafasi barazani. Baadaye twalalamika kwamba hawajali mambo ya skimu.

UVUMI UPIMWE

Watu husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huo ni msemo mzuri wa kumwonya mtu, lakini si kipimo cha habari. Kijiji kikiambiwa kwamba maji yatafungwa mwezi mzima, wengine watauza miche yao kwa hasara kabla ya kuuliza. Kikiambiwa kwamba mashamba yatapimwa upya, wengine watatoa fedha kwa mtu mwenye koti zuri na karatasi zenye muhuri.

Kabla ya kuamini neno na kulipeleka mbele, uliza maswali matatu:

1. Nani alisema? Si "wanasema", bali jina na kazi yake. Je, ni katibu wa mfereji, Naibu wa Chifu au bwana shamba?

2. Alisema lini? Habari ya kweli ya mwezi uliopita yaweza kuwa uongo leo.

3. Imeandikwa wapi? Kama yahusu fedha, ardhi au zamu ya maji, ni lazima iwe na karatasi. Kama hakuna karatasi, ngoja.

Maswali hayo yatumike hata kwa habari zinazoletwa na simu. Ujumbe uliopelekwa kwa watu 100 haujawa kweli kwa sababu ya wingi wa waliousoma.

UBAO WA KIJIJI

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ubao. Bati moja, mbao mbili, vigingi viwili na misumari vyatosha. Usiwekwe mlangoni pa mwenyekiti. Uwekwe mahali ambapo watu hupita bila kualikwa: penye kisima, penye mashine ya kusaga, au penye lango la maji. Kwa Mwea na skimu nyingine za namna hiyo, pafaa pawe na ubao kijijini na mwingine mferejini, kwa sababu ya zile jirani mbili tulizozieleza.

Tangazo liandikwe vizuri. Angalia tangazo hili baya:

"Mkutano wa maji. Wote wahudhurie bila kukosa. Kamati."

Nani wahudhurie? Lini? Kwa nini? Anayelisoma hana la kufanya. Sasa angalia hili:

"Mkutano wa wakulima wa mfereji mdogo namba 3, pamoja na wapangaji. Jumanne, tarehe 4 Agosti, saa 9 alasiri, kando ya lango la maji. Jambo: kupanga zamu za maji ya kupandikiza, na siku ya kusafisha mfereji. Atakayeshindwa kuja amtume mtu wa nyumbani kwake. Limeandikwa na katibu, tarehe 28 Julai."

Tangazo hili latoa siku saba. Lataja jambo. Lamtaja mpangaji. Saa yake yawaruhusu wapandikizaji kumaliza kazi kwanza. Na lina tarehe ya kuandikwa, ili watu wasilisome tena Septemba wakidhani ni jipya.

Kwa wale wasiosoma, achaguliwe mwanafunzi wa darasa la juu alisome kwa sauti kisimani jioni. Naye atapata heshima, na wakubwa watapata habari.

BARAZA NA DAFTARI

Ubao hutangaza, baraza huamua, daftari hukumbuka. Vyote vitatu vyahitajiwa. Baada ya kila mkutano, katibu aandike mambo machache tu: tarehe, waliokuwapo, lililoamuliwa, nani atalifanya, na kwa siku gani. Kisha ayasome kabla watu hawajatawanyika, ili mwenye kupinga apinge hapo hapo. Daftari hilo lisikae chini ya godoro la katibu. Liwe mahali ambapo mkulima yeyote aweza kuomba kulisoma.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi. Huwaona wakulima wakija mezani na malalamiko ya kweli kabisa, lakini hawana tarehe, hawana jina la aliyewaahidi, wala mstari mmoja ulioandikwa. Mwenye daftari husikilizwa upesi. Si kwa kuwa ofisi humpenda zaidi, bali kwa kuwa neno lake laweza kufuatwa.

UNA HAKI YA KUULIZA

Wakulima wengi hawajui kwamba kuuliza ofisini si kuomba hisani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, yampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizoko kwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaeleza namna ya kufanya. Ombi huandikwa, nalo laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika ni lazima asaidiwe na ofisi. Ofisi hupaswa kujibu upesi, isizidi siku 21. Ikikataa bila sababu ya haki, mwombaji aweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman.

Kwa hiyo kamati ya mfereji yaweza kuandika barua fupi kuuliza fedha za kutengeneza daraja ni kiasi gani na kazi itaanza lini. Iandike kwa adabu, itie tarehe, na iweke nakala. Jibu likija, libandikwe ubaoni.

KWA SKIMU ZENYE NYUMBA ZILIZOTAWANYIKA

Wakulima wa Nyandarua na sehemu nyingine za makazi watasema, "Sisi hatukai vijijini kama watu wa Mwea. Kila mtu yuko shambani mwake." Ni kweli. Lakini kila asubuhi mnakutana mahali pa kupokelea maziwa, na siku ya kuogesha ng'ombe mnakutana joshoni. Hapo ndipo kijiji chenu kilipo. Ubao uwekwe hapo. Ugonjwa wa mifugo ukionekana, utajwe hapo kabla maziwa hayajapakiwa. Dawa ya josho ikiisha, iandikwe hapo, ili mtu asitembeze ng'ombe maili mbili bure, au asiwaogeshe katika maji yasiyo na nguvu akidhani amewakinga na kupe.

MWANZO WA KAZI

Ndugu mkulima, usingoje semina. Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, taja majina ya wakulima wote wa mfereji wako au wa josho lako, pamoja na wapangaji. Usiyemjua, mtafute. Pili, mwulize mtu wa mwisho katika mstari huo alisikia nini juu ya mkutano uliopita. Jibu lake litakuonyesha mahali habari zinapokatikia. Tatu, katika mkutano ujao toa shauri la ubao, na ujitolee kuleta msumari wa kwanza.

Mfereji hauhesabiwi kuwa mzima kwa sababu maji yamejaa langoni. Huhesabiwa kuwa mzima maji yakifika shamba la mwisho. Na habari za kijiji tuzipime hivyo hivyo.